Mkono Uliolegea Ndio Unaanza

Waliponiuliza pale Bunda ninamhudumia nani nyumbani, nikajibu baba mkwe. Halafu mama mmoja wa nyuma akasema "Weee!" na wote wakaangua kicheko. Nikanuna. Ilikuwa semina ya walezi, sisi tunaoshinda na wagonjwa majumbani, na kila mtu alikuwa ameshajitaja: huyu ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yule ana mume aliyeanguka na pikipiki, mwingine ana mama yake mzazi. Mimi ndiye pekee niliyekuja kujifunza kumhudumia mtu ambaye siruhusiwi hata kumpa mkono.

Hawakukosea kucheka, ila waliniudhi. Huku Mara mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Yeye akija kwa njia hii, wewe unakatiza kule. Chumba chake huingii, kiti chake hukikalii, na kumwona bila nguo ni balaa lisilotajwa hata kwa mzaha. Kwetu Mwitongo, kule Butiama nilikozaliwa, ni mwiko. Murangi kando ya ziwa nilikoolewa ni mwiko vilevile. Mimi Mzanaki, wao Wajita, lugha zetu hazisikilizani sana, lakini kwenye hilo tunaelewana kabisa.

Basi ngoja nikueleze mji wetu ulivyo. Nyumba mbili zinatazamana, katikati uwanja ninaoufagia kila asubuhi. Nyumba kubwa ni ya baba, mzee Bernado. Ndogo ni yangu na mume wangu Stanslaus, ila Stanslaus mwenyewe alikwenda Chunya kuchimba dhahabu, na simu zake zilianza kuwa za kila wiki, zikawa za mwezi, zikawa za Krismasi. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mtoto Mungu hajanipa. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili kwenye mji mzima, na hao wawili hawaongei. Nilikuwaga naweka chakula kwenye kibaraza chake, nakohoa, naondoka. Yeye anakohoa kunijibu. Kuna siku zilipita tangu asubuhi mpaka jioni, na sauti ya binadamu niliyoisikia ni kile kikohozi tu.

Halafu mzee akaanguka. Kiharusi. Akalazwa Musoma, akarudi upande wa kulia umelegea, mkono unaning'inia, mguu anauburuta kwa fimbo. Akili timamu, ulimi unateleza kidogo tu. Sasa nani amwogeshe? Mimi siwezi. Binti yake, wifi yangu Getruda aliyeolewa Bunda, hawezi, kwa sababu mtoto wa kike hamwogeshi baba yake. Mume wa Getruda ndiyo kabisa, mkwe huyo. Akabaki Clementi, mtoto wa mdogo wake mzee, mwenye bodaboda. Clementi alianza vizuri. Baadaye akawa anakujaga leo, kesho haji, keshokutwa anapita jioni ana haraka hata pikipiki haizimi. Siku asizokuja, mzee anashinda na nguo ya juzi, na harufu inafika mpaka uwanjani. Na mimi nimekaa mlangoni kwangu, mikono yote miwili mizima, sina ruhusa ya kuitumia. Nililia kwa hasira zaidi ya mara moja.

Clementi akachoka, akasema wazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, simlaumu sana, aliubeba akaona uzito wake. Getruda akapiga simu: ukoo utakaa kikao watu wa Bunda wakishauza pamba. Ikiwa mzee bado hajiwezi, atapelekwa makao ya wazee, na mji utafungwa. "Na wewe wifi utarudi kwenu kidogo, mpaka Stanslaus atakapokuja," akasema, sauti ya kubembeleza. Kwetu wapi? Baba na mama hawapo, na kaka yangu ameoa mwanamke ambaye akiniona naingia anahesabu vikombe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sawa, nimeshaizoea kamba yangu. Lakini kufukuzwa na kamba yake tena? Thubutu! Nikaapa moyoni kwamba mzee atajiweza. Atajiogesha, atajivalisha, atabaki kwake, na mimi nitabaki. Tangazo la semina liliposomwa kanisani, aliyetakiwa kwenda ni Clementi. Akasema ana abiria wake. Nikaenda mimi.

Mwalimu wetu alitoka Musoma, mwanamke mfupi anaitwa Tabitha, anakaa Iringo mle mle mjini, na fani yake inaitwa tiba kazi. Mwenyewe alitueleza: si dawa wala sindano, ni kumfundisha mtu aliyeumia kufanya tena mambo yake ya kila siku, kunawa, kula, kuvaa, kwenda chooni. "Kosa lenu walezi ni huruma," akasema. "Mnawafanyia kila kitu. Ukimfanyia mtu kila kitu, unamlemaza mara ya pili." Akina mama wakaguna.

Kicheko cha baba mkwe kilipokwisha, akaniambia, "Mama, mgonjwa hana ukwe. Ugonjwa unaondoa hayo."

"Unaondoa kwa nani?" nikamjibu. Mdomo wangu huwa hausubiri ruhusa. "Labda kwenu Iringo. Mimi nikimshika yule mzee, aibu itamuua kabla ya ugonjwa, na mimi nitaitwa mwanamke aliyemvua nguo baba mkwe wake mpaka siku naingia kaburini."

"Kweli kabisa hiyo," akasema yule mama wa nyuma aliyeanzisha kicheko. Anaitwa Nyangi, analima pamba na kufuga ng'ombe nje kidogo ya Bunda, na ana mtoto asiyeweza kukaa.

Tabitha akachukua kanga mezani. Halafu akasema, "Haya. Mdomo unao, umeshatuonyesha. Tutautumia huo huo."

Akamfunga Nyangi mkono wa kulia kwa kanga, akampa shati la kiume na suruali, kisha akanigeuza mimi nitazame ukuta. "Mvalishe," akasema. "Kwa maneno tu. Ukigeuka umefeli."

Jamani! Nikasema, "Ingiza mkono." Nyangi akauliza, "Upi?" Nikasema, "Si huo, huo mwingine!" Akasema, "Mwingine upi, mama, na wewe umenipa kisogo?" Watu hoi. Aliishia kichwa kimetokea kwenye mkono wa shati, analalamika kwamba namnyonga na bado ana watoto wadogo wa kulea. Ndipo Tabitha akanipangia. Mtu avae akiwa amekaa. Nguo itandazwe mapajani. Mkono uliolegea unaanza kuingia, mzima unafuata. Wakati wa kuvua, mzima unatoka kwanza. Mguu hivyo hivyo. Sema jambo moja, subiri limalizike, ndipo useme la pili. Hapo pa kusubiri ndipo paliponishinda zaidi. Lakini mpaka semina inakwisha, Nyangi alikuwa anavaa suruali kwa maneno yangu bila kunitukana. Tukafundishwa pia kutia sabuni ndani ya soksi ili isiponyoke, kuweka kigoda bafuni na mti wa kushikilia, na namna aliyeanguka anavyoweza kuinuka mwenyewe bila kuvutwa.

Nilivyorudi Murangi nikaanza na vitu, maana vitu havina ukwe. Suruali ya mzee nikaitoa zipu, nikaitia mpira kiunoni. Bafu letu ni la mabati nyuma ya nyumba kubwa. Nikachimbia humo mti imara, nikaweka kigoda, nikaning'iniza soksi ya sabuni kwa kamba. Asubuhi yake nikachemsha maji kwenye sufuria kubwa kama kawaida, ndoo yake na ndoo yangu. Halafu nikakaa chini ya dirisha la chumba chake, mgongo ukutani, uso uwanjani. Nikakohoa. Akakohoa.

"Baba," nikasema, "nimetoka semina. Nataka kukufundisha kuvaa."

"Mkamwana, nenda kwako."

"Siingii, baba. Nimekaa nje, nimekupa mgongo. Ni sauti tu."

"Nimesema nenda kwako!"

Nikaenda. Kesho yake nikarudi, akanifukuza. Nikarudi tena, akafunga dirisha. Mpaka ikafika asubuhi moja nikapandisha hasira, maana Clementi alikuwa hajaonekana tena na harufu ilikuwa imezidi, nikasema kwa nguvu, "Sawa baba, baki hivyo hivyo! Wakikupeleka makao ya wazee utavalishwa na watu usiowajua!"

Kumbe hakuna aliyekuwa amemwambia. Kikao kilipangwa, tarehe inasubiri pamba, na mwenye mwili wake hajui. Nilitamani ardhi ipasuke. Kuku wakaanza kunizunguka wakidhani nina mtama. Halafu akauliza, taratibu, "Nani amesema?"

"Ukoo, baba."

Nikasikia kitanda kinalia, anajikokota kukaa. Dirisha likafunguliwa kidogo kwa ncha ya fimbo.

"Mkono upi unaanza?" akauliza.

"Uliolegea, baba. Uliolegea ndio unaanza."

Siku hiyo hakuvaa. Alihangaika na shati mpaka akalitupa, nikalisikia linapiga ukuta. "Kidole kimoja hakivunji chawa!" akafoka.

"Hatuvunji chawa, baba, tunavaa shati."

Nikajiziba mdomo. Kumjibu mkwe hivyo! Ndani pakatoka sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Nikashtuka, nikataka kuita watu. Kumbe anacheka. Tangu niolewe sikuwahi kumsikia anacheka.

Shida yangu ilikuwa moja: simwoni, kwa hiyo sijui anakwama wapi. Nikatafuta dawa yake. Nikajifunga mkono wangu wa kulia kwa kanga, nikachukua shati la Stanslaus, nikawa navaa huku nje naye anavaa kule ndani. Nikikwama mimi najua na yeye amekwama.

"Baba, kola imekwenda upande, imekukaba?"

"Umejuaje?"

"Na mimi imenikaba. Inama mbele kidogo, ivute kwa nyuma."

Wanaokwenda ziwani kuchukua dagaa wakipita wananiona nimekaa chini ya dirisha na mkono mmoja, napigana na shati la mwanaume, naongea na ukuta. Waliona nimerukwa na akili. Nikawaacha waone hivyo.

Akaweza shati. Akaweza suruali, ingawa suruali ilitutesa, kuna wakati alivaa miguu yote miwili kwenye upande mmoja na akanilaumu mimi. Na sisi tukaanza kuongea. Mwanzoni ni mkono, mguu, vuta, subiri. Halafu katikati ya kusubiri anatia neno. Asubuhi moja akiwa anavuta soksi akauliza, "Wewe umekula?"

Lilikuwa swali la kawaida kabisa, watu wanaulizana kila siku duniani. Lakini kwenye mji ule hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, na nilikuwa sijala.

Akanieleza habari za furu, vile visamaki vidogo vya zamani, jinsi mama mkwe wangu alivyokuwa anavikausha na hakuna mwingine aliyeweza. Akaniambia tangu mkewe afariki, nyumba ile ilikuwa inamtisha jioni. Mzee mzima! Nikamwambia hata yangu inanitisha. Nikamweleza habari za Mwitongo, mawe yetu, mihogo ya mama, na jinsi nilivyokuwa naogopa ziwa nilipoletwa. Hatukuwahi kutazamana. Akitoka nje mimi naingia ndani, kama desturi. Lakini nilikuwa nawahi kuchemsha maji asubuhi na moyo wangu mwepesi, na sioni haya kusema: nilikuwa na furaha. Mtu alikuwa ananisubiri nikohoe.

Tukafika kwenye kuoga. Ndoo yake naiweka ndani ya bafu kabla hajatoka, naondoka, anaingia akishika ukuta, nasikia mlango wa bati umefungwa, ndipo narudi nakaa kwa nje na mgongo wangu. Siku moja nikasikia kigoda kinateleza, maji yanamwagika, na kishindo. Bati zima likatikisika.

"Baba!"

Maji yakaendelea kutiririka chini ya bati.

"Baba!"

"Nimeanguka," akasema, sauti iko chini kabisa, sakafuni.

Nilijikuta nimesimama, mkono uko kwenye mlango wa bati. Clementi nikampigia, hapatikani. Majirani wako shambani.

"Usiingie!" akapiga kelele. Aliona vidole vyangu kwenye bati. "Mkamwana, nakuomba. Bora nife hapa."

Hapo nilielewa kwamba si maneno ya hasira. Nikiingia nitamwinua, na sitakuwa nimemwokoa. Nikatoa mkono. Nikageuka, nikamwekea bati mgongo, nikafunga macho nikajaribu kumkumbuka Nyangi alivyokuwa amelala sakafuni pale Bunda akijifanya ameanguka, huku anakula karanga.

"Umeumia popote?"

"Nyonga. Si sana."

"Lalia upande wa kushoto, ule mzima. Umelala?" Nikasubiri. "Sasa kiwiko chini, jisukume ukae. Polepole." Nikasubiri. Nilimsikia anavyohema. "Vuta kigoda. Kiegemeze kwenye ule mti. Mkono wa kushoto juu yake. Haya, piga magoti."

"Siwezi."

"Unaweza. Suruali uliniambia huwezi."

Akapiga magoti. Nikamwambia mguu mzima autangulize mbele, unyayo chini, ajisukume, ageuze makalio yakutane na kigoda. Nilimtajia makalio baba mkwe wangu, na wala sikutambua mpaka baadaye. Kigoda kikalia. Akakaa. Akashusha pumzi ndefu.

Mimi nikakaa chini na kulia.

"Unalia?" akauliza.

"Moshi, baba."

"Moshi gani bafuni?" Nikamsikia anaigeuza ndoo. "Niongezee maji, uyaache mlangoni. Sijasuuza sabuni."

Siku ya kikao ikafika. Getruda na mume wake walikuja na gari la kukodi kutoka Bunda, Clementi akaja na baba yake, na wazee wa ukoo wakapanga viti uwanjani. Mimi nilikuwa jikoni na ugali na sato, mkamwana hakai kwenye vikao vile, ila jiko letu liko wazi na masikio yangu hayana kazi nyingine. Wakamtuma Clementi akamtoe mzee. Kabla hajanyanyuka, mlango ukafunguliwa. Baba akatoka mwenyewe. Shati jeupe limefungwa vifungo vyote, koti juu, suruali imekaa sawa kiunoni, uso umeoshwa unang'aa. Akaburuta mguu mpaka kwenye kiti chake, akageuka, akakaa kwanza kwa upande mzima kama tulivyosoma.

"Loo!" akasema Clementi. "Nani kakuvalisha, baba mkubwa?"

"Nimevaa mwenyewe."

"Na nani kakufundisha?"

Baba akatazama nyumba yake. "Ukuta," akasema. Watu wakacheka. Mimi nikageuza ugali huku najiuma mdomo nisicheke, kifua kimejaa. Nilijua tumeshinda. Makao ya wazee hayapo tena. Anabaki, nabaki.

Getruda akaanza kulia. Alimwendea baba yake akapiga goti mbele yake, akashika ule mkono uliolegea. "Baba, kumbe unajiweza! Unajua nimelala vipi siku zote hizi? Nilikuwa naogopa kukuchukua kwa sababu nani angekuogesha kwangu? Mimi siwezi, mkweo hawezi. Sasa jambo limekwisha. Nakuchukua mimi. Utakaa Bunda na wajukuu zako, nyumba ina watu, hutakaa tena huku peke yako."

Wazee wote wakasema hapo umenena. Clementi ndiye alisema kwa sauti zaidi. Mimi mwiko wa ugali ukabaki mkononi.

Peke yako. Alisema peke yako.

Ningeweza kumkasirikia Getruda, ningepata nafuu. Hasira naijua, ninakaa nayo vizuri. Lakini utamkasirikiaje mtu anayempenda baba yake? Alikuwa na haki yote. Mimi ndiye niliyemtengenezea mzee njia ya kuondoka, kifungo kwa kifungo.

Baba akatazama fimbo yake. "Na mji huu?" akauliza.

"Mkamwana si yupo," akasema mdogo wake. "Atautunza mpaka Stanslaus arudi. Hafukuzwi mtu hapa."

Nikasubiri baba aseme kitu. Kila mtu alikuwa anamsubiri. Lakini angesema nini? Mzee aseme mbele ya ukoo mzima kwamba hataki kwenda kwa binti yake, anataka kubaki na mkamwana wake, wawili tu? Yangetafsirika vipi hayo? Wangetutazama wote wawili kwa jicho lingine, na jicho hilo halifutiki.

"Haya," akasema baba.

Nikapakua chakula. Nikaweka, nikakohoa, nikaondoka. Getruda akanifuata jikoni, akanikumbatia, akasema wifi Mungu akubariki. Nikasema amina.

Walilala, wakapanga kuondoka asubuhi. Nilichemsha maji mapema, nikapeleka ndoo yake, nikamsikia anaoga bila neno, anasuuza, anarudi chumbani. Wageni walikuwa wanafunga mizigo kwenye gari. Sikuwa na sababu yoyote ya kwenda kwenye lile dirisha. Wiki kadhaa zilikuwa zimepita hahitaji mtu wa kumwambia lolote, alikuwa anavaa huku ananisimulia habari za samaki.

Nikaenda. Nikakaa pale pale, mgongo ukutani. Nikakohoa.

Akakohoa. Nikasikia kitanda kinalia.

"Mkamwana."

"Naam, baba."

"Nimesahau. Mkono upi unaanza?"

Uwanjani Clementi anawasha pikipiki, Getruda anaita watu wapande.

"Uliolegea, baba," nikasema. "Uliolegea ndio unaanza."

"Nimeuingiza. Halafu?"

"Uvute mpaka begani. Usiwe na haraka."

"Sina haraka. Halafu?"

Nikamwambia yote. Mkono mzima. Kola, inama mbele. Vifungo, anza cha chini upande juu. Suruali, kaa, mguu uliolegea, mguu mzima. Nilisema jambo moja, nikasubiri, na yeye akawa anachelewa kujibu, na mimi nikawa nachelewa kusema. Getruda akaita tena. Tulipofika kwenye soksi hapakuwa na kitu kingine kilichobaki.

"Umekula?" akauliza.

"Sijala, baba."

"Kula, mwanangu."

Akatoka kwa mlango wa mbele, mimi nikazunguka nyuma ya nyumba kama inavyotakiwa. Nililisikia gari linakwenda mpaka lilipopanda barabara kubwa. Nikafagia uwanja, viti vya wageni vilikuwa vimeuchimbachimba.

Kesho yake asubuhi nikaamka, nikawasha moto, nikateka maji, nikachemsha. Nilikuja kushtuka nimeshazijaza ndoo mbili. Nikaichukua ile yake, nikaenda kukaa nayo chini ya dirisha mpaka ikapoa.